Kukaa, Kuenenda na Kuunganishwa: Uhakiki wa Lugha ya Uhusiano wa Mkristo na Mungu katika Maisha ya Kila Siku

UTANGULIZI

Uhakiki wa maandishi ya kidini katika Kiswahili umeegemea zaidi upande wa tenzi. Jambo hili halishangazi, kwa kuwa utenzi ni utanzu mkongwe wenye sanaa iliyopevuka. Lakini nathari ya Kikristo, ambayo husomwa, kuhubiriwa na kukaririwa kila juma na mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili katika Afrika ya Mashariki na Kati, aghalabu imeachiwa wanatheolojia. Wanaisimu na wahakiki wa fasihi huipita kana kwamba ni mali ya watu wengine. Matokeo yake ni kwamba mabadiliko makubwa ya usemi yanaweza kutokea mbele ya macho yetu bila ya yeyote kuyapima.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza badiliko moja la namna hiyo. Linahusu jinsi Mkristo anavyotaja uhusiano wake na Mungu katika siku za kawaida: siku za kazi, za soko, za kupika na za kusafiri. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyolea masikio ya vizazi kadhaa vya Wakristo wa Kiprotestanti, inautaja uhusiano huo hasa kwa kitenzi kaa na mwenzake enenda. Mahubiri na vitabu vya ibada vya siku zetu vinazidi kuutaja kwa kitenzi unganishwa, pamoja na jamaa zake wote wa umeme na simu: waya, laini, mtandao, chaji. Hoja yetu ni kwamba huku si kubadilisha neno tu. Anayebadili kitenzi hapa anabadili pia picha ya Mungu, picha ya siku ya mtu, na picha ya yule mwenye mamlaka ya kuuthibitisha au kuukana uhusiano huo.

Yafaa tuseme mapema kwamba hatutetei ukale kwa sababu ni ukale. Kitenzi kaa nacho kina udhaifu wake, na tutauonyesha.

KITENZI KAA KATIKA INJILI YA YOHANA

Makao makuu ya kitenzi hiki ni Injili ya Yohana. Katika Kigiriki cha Injili hiyo kitenzi menein, chenye maana ya kubaki, kuishi mahali au kudumu, kimetumiwa kwa wingi na kwa makusudi. Katika mlango wa 15, penye mfano wa mzabibu na matawi, kitenzi hicho kinarudiwa mara kumi kati ya aya ya 4 na aya ya 10. Marudio ya kiasi hicho katika nafasi finyu hivyo si uzembe wa mwandishi, ni mbinu. Msikilizaji anapigiwa neno moja mpaka limwingie.

Watafsiri wa 1952, waliokuwa wakiunganisha mapokeo ya Biblia ya Kiunguja ya 1891 na ile ya Kimvita ya 1914, walikuwa na maneno kadhaa ya kuchagua: dumu, baki, salia, ishi, kaa. Walichagua kaa, na wakalishikilia. Uaminifu huo kwa neno moja ndio wa kwanza wa kusifiwa, kwa maana mtafsiri mwenye hamu ya kuonyesha utajiri wa msamiati wake angeweza kutawanya maneno matano tofauti katika aya hizo saba, akaivunja ngoma ya matini asilia.

Lakini sifa ya uteuzi huo haiishii hapo. Katika mlango wa 14 wa Injili hiyo hiyo mna nomino mone, ambayo katika Kigiriki imetokana na menein. Inatokea mara mbili tu: katika aya ya 2, inapotajwa nyumba ya Baba, na katika aya ya 23, Baba na Mwana wanapoahidiwa kuja kwa yule ampendaye Yesu. Kiswahili cha 1952 kinatumia makao katika mahali pote pawili. Hivyo msomaji wa Kiswahili anausikia udugu wa makao na kaa kwa sikio lake mwenyewe, bila ya kufundishwa Kigiriki. Msomaji wa Kiingereza cha 1611 hana bahati hiyo: nomino amepewa mara ya kwanza kwa neno lenye maana ya majumba makubwa, na kitenzi kwa neno lisilo na ukoo wowote na majumba hayo. Katika Kiswahili nyumba ya mbinguni na siku ya leo zimefungwa kwa mzizi mmoja. Yale yanayongojwa huko mbele ni makao. Yale yanayotakiwa sasa ni kukaa.

Kuna jambo jingine ambalo Kigiriki chenyewe hakina. Katika mfano wa mzabibu vitenzi viwili vinavyobeba hoja, katika Kiswahili, ni kaa na zaa. Vinafanana kwa sauti, na vinafuatana kwa karibu aya baada ya aya. Katika Kigiriki menein na pherein havina mfanano wa namna hiyo. Sikio la Mswahili, lililozoea vina, linaupokea mfanano huo kama hoja: asiyekaa hazai. Hatuna ushahidi kwamba watafsiri waliukusudia. Lakini uhakiki hauhukumu makusudi peke yake. Unahukumu kile kilichopo katika matini na kile kinachofanyika katika sikio la msomaji.

UKOO WA KAA, NA TAHADHARI KUHUSU MIZIZI

Wanafunzi wa sarufi linganishi wanajua kwamba kaa ni mfupisho wa kala. Kigiriama kimehifadhi kukala. Kikamba kina kwĩkala. Kikuyu kina gũikara. Na mbali zaidi, Kichewa kina kukhala. Kiswahili kimeidondosha l baina ya irabu, kama kilivyofanya katika njaa, ambayo katika Kigiriama ni nzala. Lakini l hiyo haikufa. Inarudi katika kalia na kalisha, kama inavyorudi katika zalia na zalisha. Katika mkazi na makazi imegeuka kuwa z. Kwa hiyo kaa ni neno la nyumbani kabisa, nalo linaeleweka kwa urahisi na wasemaji wa lugha nyingi za Kibantu za nchi hii kabla hawajaenda shule.

Hapa hatuna budi kutoa tahadhari. Mwaka 1961 James Barr, katika kitabu chake juu ya semantiki ya lugha ya Biblia, aliwalaumu wanatheolojia waliojenga mafundisho makubwa juu ya asili za maneno. Alionyesha kwamba maana ya neno imo katika matumizi yake ndani ya sentensi, wala haimo katika historia ya mzizi wake. Onyo hilo latuhusu. Haitoshi kusema kwamba kaa ni Kibantu safi, kisha tukadai kwamba kwa hiyo lina baraka. Swali la haki ni hili: msemaji wa leo, anayeishi Nairobi, Kisumu au Mombasa, anasikia nini anapoambiwa akae ndani ya Mungu? Jibu halifurahishi sana.

KUKAA NA KWETU

Tuanze na swali ambalo Wakenya huulizana wanapofahamiana: Unakaa wapi? Jibu la kawaida ni jina la mtaa. Swali la pili hufuata upesi: Na kwenu ni wapi? Jibu la pili ni jina la kaunti au kijiji, na mara nyingi halifanani na la kwanza. Mtu anakaa Umoja, lakini kwao ni Siaya. Anakaa Kawangware, lakini kwao ni Vihiga. Anakaa mahali anapolipa kodi. Kwao ni mahali atakapozikwa.

Maana yake ni kwamba katika Kiswahili cha miji yetu kitenzi kaa kimeelekea kubeba maana ya upangaji. Ni kitenzi cha mtu ambaye mwisho wa mwezi unaweza kumhamisha. Neno lililochaguliwa litaje udumifu limeanza kutaja muda. Mhubiri anayelisoma fungu la mzabibu mbele ya wapangaji bila ya kulifikiri jambo hili hasemi kile anachodhani anakisema. Msikilizaji wake anaweza kupokea kwamba Mungu ni nyumba ya kupanga: pazuri pa kukaa, maadamu mtu ana cha kulipa.

Udhaifu wa pili unafanana na huo. Mtu asiye na kazi, akiulizwa anafanya nini siku hizi, hujibu: Nimekaa tu. Hapa kaa ni kinyume cha kazi. Ni kungoja, ni kutokuwa na la kufanya. Mtu mwenye bidii, anayeamka saa kumi ya usiku awahi gari la kwenda kazini, anaweza kudhani kwamba mwaliko wa kukaa ndani ya Mungu haumhusu yeye, bali wawahusu wazee, wagonjwa na watu wa dini wenye nafasi.

Je, matini yenyewe ina dawa ya udhaifu huu? Tunaamini inayo, nayo ni ya kifasihi. Ukitaka kujua mwandishi anakitumiaje kitenzi, mfuate tangu mwanzo wa kazi yake. Katika mlango wa kwanza wa Injili hii wanafunzi wawili wa Yohana Mbatizaji wanamfuata Yesu njiani. Anapogeuka na kuwauliza wanachotafuta, hawamwulizi juu ya uzima wa milele. Wanamwuliza anakaa wapi. Kigiriki ni menein. Kiswahili ni kaa. Ni lile swali letu la mtaani, neno kwa neno. Anawaita waje waone. Wanakwenda, wanaona, na siku ile wanakaa kwake. Mwandishi anaongeza kwamba ilikuwa yapata saa kumi, na hapa msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo yoyote ya pembeni, kwa sababu hesabu yetu ya saa tangu macheo ni ile ile ya wakati huo: ni jioni, watu wanaanza kurudi majumbani.

Tazama kazi inayofanywa na kiambishi kidogo. Kitenzi kaa kimeungana na kwake. Lile pengo ambalo matumizi ya mjini yameliweka kati ya kukaa na kwetu limezibwa tangu mlango wa kwanza. Baadaye, katika mlango wa 14 aya ya 23, mwelekeo unageuzwa: si mwanafunzi tena anayekwenda kukaa kwa Bwana, Baba na Mwana wanakuja kufanya makao kwa mwanafunzi. Neno kwake linarudi, lakini sasa mwenye nyumba ni yule aliyekuwa mgeni. Kwa hiyo msomaji anayeifuata Injili kwa mpangilio wake anafundishwa kulisikia neno kaa upya. Linaanza kama swali la mpita njia na kuishia kama ahadi ya mwenye nyumba. Mhubiri anayeichukua aya moja ya mlango wa 15 na kuiacha safari hii yote anamnyima msikilizaji wake ufunguo.

Na kuhusu lawama ya uvivu, tuangalie aya ya 10 ya mlango wa 14. Hapo Baba ndiye anayesemwa kuwa anakaa ndani ya Mwana, na papo hapo inasemwa kwamba anazifanya kazi zake; Kiswahili kimetumia hu- ya mazoea. Kukaa na kufanya kazi vimewekwa katika sentensi moja, na mtendaji ni mmoja. Nimekaa tu si tafsiri ya aya hiyo.

NDANI NA UTAUWA

Tatizo la tatu limo katika neno ndani. Katika utamaduni wa pwani kukaa ndani ni tendo lenye historia yake. Kitenzi tawa kina maana ya kujisitiri ndani ya nyumba, kutotoka nje hadharani, na zamani kilihusu hasa wanawake wa jamaa zenye hadhi. Mtawa ni yule akaaye ndani. Na kutokana na hilo, ni mcha Mungu aliyejitenga na dunia. Kanisa Katoliki limelichukua neno hilo kwa ajili ya wanaume na wanawake wa mashirika ya kitawa. Watafsiri wa 1952 nao walilitumia, kwa umbo la utauwa, wanapotafsiri neno la Kigiriki la uchaji katika waraka wa kwanza kwa Timotheo.

Kwa hiyo msomaji makini wa Biblia hiyo anakutana na mambo mawili yanayovutana chini chini. Upande mmoja kuna uchaji unaoitwa kwa jina la kujifungia. Upande wa pili kuna maisha ya kawaida, ambayo kwa watu wengi ni ya nje: shambani, barabarani, sokoni. Akiyaweka pamoja ndani na utauwa, anaweza kuhitimisha kwamba ukaribu na Mungu ni haki ya wenye kuta. Mama muuza mboga atapata nafasi yake siku ya Jumapili.

Hitimisho hilo halina nguvu, na ushahidi mmoja dhidi yake unatoka, kwa kejeli nzuri ya historia, ndani ya nyumba ya watawa. Katika karne ya 17 aliishi Paris ndugu mmoja wa shirika la Wakarmeli aliyeitwa Lawrence wa Ufufuo. Hakuwa padri wala msomi. Alikuwa amepata kuwa askari, na katika utawa wake alifanya kazi ya jikoni kwa miaka mingi, kisha akawa fundi wa kutengeneza viatu vya wenzake. Alifariki mwaka 1691. Mazungumzo na barua zake, zilizokusanywa na padri Joseph de Beaufort baada ya kifo chake, zimesomwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa karne tatu. Fundisho lake kwa ufupi ni kwamba saa ya sala na saa ya kazi hazikuwa na tofauti kwake. Katika makelele ya jiko, huku huyu akidai hiki na yule akidai kile, alikuwa na Mungu kwa utulivu ule ule aliokuwa nao kanisani. Huyu alikuwa mtawa kwa maana kamili ya neno. Lakini lililomweka karibu na Mungu halikuwa ukuta. Ndani, kwake, halikuwa jina la chumba.

Kiswahili chenyewe kina neno ambalo lingelitoa wazo hili vizuri, na inashangaza kwamba waandishi wa vitabu vya ibada hawajalitumia vya kutosha. Neno hilo ni shinda, kwa maana ya kuupitisha mchana. Umeshindaje? ni salamu ya jioni. Mtu hushinda shambani, hushinda dukani, hushinda na mgonjwa. Kushinda mahali ni kukaa mahali huku kazi za mchana zikiendelea. Hatudai kwamba lingefaa kuingizwa katika tafsiri ya Yohana, maana shinda ya pili, ile ya kupata ushindi, ingeleta utata. Twasema tu kwamba mwandishi wa ibada anayetafuta namna ya kumweleza mfanyakazi juu ya kuwa na Mungu mchana kutwa hana haja ya kuazima msamiati wa mafundi wa umeme. Analo neno katika salamu yake ya kila jioni.

KUENENDA

Lugha ya 1952 haikukiacha kitenzi kaa peke yake. Imekipa mwenzi, yaani enenda, ambacho kinatafsiri kitenzi cha Kigiriki cha kutembea kinapotumiwa kwa maana ya tabia. Kutokana nacho tunapata mwenendo, neno ambalo hata asiye Mkristo hulitumia. Katika waraka wa kwanza wa Yohana, mlango wa 2 aya ya 6, vitenzi hivi viwili vimewekwa katika sentensi moja: anayedai kukaa anapimwa kwa kuenenda kwake. Huu ni ukinzani wa makusudi. Mtu hawezi kukaa na kutembea kwa wakati mmoja, isipokuwa kama mahali anapokaa panasafiri naye.

Ukinzani huo ulipata maisha yake Afrika ya Mashariki katika ule uamsho uliozuka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, na ambao kabla ya miaka kumi hiyo kwisha ulikuwa umekwisha fika Kenya. Wafuasi wake, walioitwa Balokole kwa Kiganda, walizungumza juu ya kutembea nuruni. Hawakumaanisha furaha ya moyoni. Walimaanisha jambo la hadhara: kuungama mbele ya wenzao katika ushirika, kurudisha mali iliyoibwa, kupatana na jirani. Aghalabu ushuhuda wao ulitaja vitu: jembe, mizani, deni, neno lililosemwa jikoni. Kwa mhakiki wa fasihi simulizi hili ni jambo la maana. Utanzu wa ushuhuda ulikuwa na kanuni, na mojawapo ilikuwa kwamba uhusiano na Mungu usitajwe bila ya kutaja pia tendo la siku.

Ni kweli kwamba utanzu huo ulipata ugonjwa wa tanzu zote: ukawa na mafungu yaliyokaririwa, na wako waliojifunza kuyasema bila ya kuwa na la kusema. Lakini hata katika hali hiyo kanuni ilibaki kuwa kipimo. Msikilizaji aliweza kumwuliza msemaji, walau kimoyomoyo: Na lile deni je?

KUUNGANISHWA

Sasa tuje kwenye lugha mpya. Mkristo wa leo huhimizwa abaki ameunganishwa na Mungu. Akipoa, huambiwa kwamba laini imekatika. Akihudhuria mkesha, amekwenda kujichaji. Dhambi ni hitilafu ya mtandao. Sala ni mawasiliano.

Haki yatutaka tuseme yafaayo kusemwa kwa upande wa lugha hii. Kwanza, mzizi unga si mgeni katika Biblia ya Kiswahili. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho unazungumza juu ya viungo vya mwili katika mlango wa 12, na katika mlango wa 6 juu ya mtu aliyeungwa na Bwana. Pili, kila kizazi hutumia vyombo vyake kuwa mafumbo. Aliyesema juu ya mzabibu alikuwa akisema na watu walioujua mzabibu, na msikilizaji wetu wa Kenya anaijua simu kuliko anavyoujua mzabibu. Tatu, mtu anayeishi mbali na watu wake na kuwafikia kwa simu anaujua uzito wa laini kukatika. Fumbo hili halikuzuka bure; limezaliwa na maisha ya watu waliotawanyika.

Hata hivyo, tukilipima fumbo hili kwa mantiki yake lenyewe, tunaona mambo matatu ya kutia wasiwasi.

La kwanza ni umbali. Hapana haja ya kuunganisha vitu visivyokuwa mbalimbali. Waya huwekwa kati ya hapa na kule, na simu hupigiwa asiyekuwapo. Lugha ya kuunganishwa, hata inaposifu ukaribu, imekwisha kumweka Mungu upande wa pili. Kiungo cha mwili hakiko hivyo: mkono haupigi simu kwa bega. Kwa hiyo unga ya Paulo na unganishwa ya mhubiri wa leo, ijapokuwa ni ndugu kwa mzizi, si ndugu kwa maana. Hapa onyo la Barr linatufaa kwa mara ya pili.

La pili ni wakati. Kaa ni kitenzi cha hali: aliyekaa amekaa, hata akisinzia. Muunganisho una hali mbili tu, upo au haupo, nao unaweza kukatika wakati wowote bila ya mtu kujua. Mwumini anayefundishwa kwa fumbo hili atakuwa akikagua daima. Siku ya kazi, ambayo kwa Lawrence ilikuwa mahali pa kuwa na Mungu, inageuka kuwa muda wa betri kwisha. Na ibada ya jioni inakuwa ukarabati wa hasara ya mchana.

La tatu ni mamlaka, na hili ndilo zito kuliko yote. Tuitazame sarufi. Kaa ni kitenzi cha kutenda, na mtendaji ni mwumini mwenyewe. Unganishwa ni kauli ya kutendwa iliyojengwa juu ya kauli ya kutendesha, na kila kauli ya kutendwa huacha nafasi wazi nyuma yake: unganishwa na nani? Palipo na waya pana fundi. Katika mfano wa mzabibu yuko mkulima ashughulikiaye matawi, lakini mkulima huyo ni Baba mwenyewe, na jambo hilo limesemwa waziwazi tangu aya ya kwanza. Katika fumbo la umeme nafasi ya fundi haijatajwa, na nafasi isiyotajwa hujazwa na aliye karibu: mhubiri, mwombezi, nabii, mwenye mafuta, mwenye namba ya kutumiwa sadaka. Hatusemi kwamba kila anayetumia lugha hii ana nia mbaya. Wengi ni wachungaji waaminifu waliotafuta mfano mwepesi. Twasema kwamba lugha yenyewe imekwisha kuufungua mlango, na mwenye nia mbaya akija hatahitaji kubisha hodi.

HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba kitenzi kaa, kama kilivyotumiwa katika tafsiri ya 1952, kinashikamana na makao kwa mzizi, na zaa kwa sauti, na enenda kwa maana. Na kwamba mtandao huu wa maneno unaieleza siku ya kawaida kuwa ni mahali pa kuishi na Mungu. Tumeonyesha pia kwamba matumizi ya mijini yamekichosha kitenzi hiki, kwa upangaji na kwa ukosefu wa kazi, na kwamba ndani na utauwa vinaweza kukivuta kuelekea kujifungia. Jibu la udhaifu huo si kukitupa, bali ni kukisoma ndani ya kazi nzima, tangu lile swali la njiani katika mlango wa kwanza.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa watafsiri. Kila kizazi kitakuwa na tafsiri yake, na baada ya 1952 tumekwisha kupata Habari Njema, ambayo Agano lake Jipya lilitoka mwaka 1977. Atakayeifanya kazi hiyo tena asihesabu marudio ya kaa kuwa ni umaskini wa lugha na kuyapamba kwa visawe. Na akitafuta msaada dhidi ya uchakavu wa neno hilo, autafute katika vimilikishi vya mahali, yaani kwangu, kwake na kwetu, ambavyo Kiswahili kinavyo tele na ambavyo bado vina joto la nyumbani.

La pili ni kwa idara zetu za lugha. Mahubiri ya Kiswahili, shuhuda, na vitabu vidogo vya ibada vinavyouzwa vituoni mwa magari ni hazina ya nathari inayotumika, nayo inapotea bila ya kurekodiwa. Mwanafunzi anayeweza kuchambua mishororo ya utenzi wa karne ya 18 anapaswa kuweza pia kuichambua hotuba aliyoisikia Jumapili, akaonyesha ni kitenzi gani kimebeba hoja, na ni nani amewekwa katika nafasi ya mtendaji. Kazi hiyo haimhitaji awe mwumini. Yamhitaji tu aisikilize lugha. Watu wengi wa nchi hii wameyakabidhi maisha yao ya kila siku kwa maneno hayo, na wana haki ya kujua maneno hayo yanawafanyia nini.